Umusambi Aliyelala Jikoni

Nilipopata kazi ya kusoma ishara za ndege, baba alidhani nimeajiriwa redioni. Ana duka la kanga na vitenge pale Biharamulo mjini, alilorithi kwa babu aliyekuja kutoka Pangani, na kila mteja aliyeniulizia aliambiwa, "Binti yangu anasikiliza ndege." Wengine walielewa ni ndege za kupanda, wakaniulizia nauli ya kwenda Dar. Sikuwarekebisha. Miezi ile ya kwanza hata mimi sikuwa na uhakika wa ninachokifanya.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa wawili tu, mimi na dereva, Mhangaza wa Ngara, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, ambaye ikifika saa sita mchana husimamisha gari asali. Mkuu wetu alikuwa Mwanza, akituongoza kwa simu. Mradi ulikuwa umewafunga korongo wachache kifaa mguuni, kidogo kama kiberiti, chenye kioo cha kunasa jua. Ni wale korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Dereva aliwaita umusambi, nami nikazoea.

Kifaa kilirusha ishara, setilaiti ikaidaka ikipita, na asubuhi mimi nikazivuta ishara hizo kwenye kompyuta kwa bando la simu yangu. Zilikuja kama mistari ya namba. Kila mstari ulitaja mahali alipo ndege, na pembeni alama ya kuonyesha mahali hapo panaaminika kiasi gani. Alama nzuri ilimaanisha kosa la mita mia chache. Alama mbaya ilimaanisha lolote. Tena setilaiti ikipita hupata majibu mawili ya mahali, moja kila upande wa njia yake, kisha kompyuta huchagua moja, na mara nyingine huchagua lisilo sahihi. Asubuhi moja umusambi wetu alitokea katikati ya Ziwa Victoria, na setilaiti ilipopita tena akawa Keza, kule Ngara vijijini. Nilimwita dereva aje aone.

Akaitazama skrini kwa muda. "Huyo ana boti," akasema, akarudi kuosha gari.

Pamoja na mahali, zilikuja namba tatu za hali ya kifaa chenyewe: nguvu ya betri, joto, na namba ya mtikisiko inayopanda kila ndege anapotembea. Namba ya mtikisiko ikisimama, ama ndege amekufa au kifaa kimedondoka. Hilo nilifundishwa, na ndilo pekee nililolishika vizuri.

Sasa huyu wa Keza alinivuruga. Alama zake nzuri zilirundikana mahali pamoja, tena penye mashamba na nyumba, mbali na bonde lenye maji ambako umusambi hupenda kukaa. Mtikisiko ulikuwa unapanda, kwa hiyo alikuwa hai. Lakini betri ilizidi kushuka, kama kitu kisichoona jua la kutosha. Na usiku, saa ambazo Keza kuna baridi ya kuvaa sweta, kifaa kilikuwa na joto kama la mtu aliyejifunika blanketi.

Nilimpigia mkuu.

"Ndege amekufa," alisema bila kusita. "Mtu ameokota kifaa, anatembea nacho mfukoni. Mfukoni hakuna jua, na kuna joto."

"Mimi naona ameatamia mayai," nikasema. "Amekalia mguu, kioo kinakosa jua."

"Mayai kwenye migomba ya watu?"

"Labda."

"Na huo mtikisiko?"

"Anageuza mayai."

Alinyamaza, nami nikadhani nimemshinda. Kumbe alikuwa anaongea na mtu mwingine. Aliporudi alisema tu, "Nendeni mkaangalie."

Tulitoka Biharamulo asubuhi, tukanywa chai na chapati Nyakanazi, katikati ya malori ya Rwanda na Burundi. Dereva alinionyesha kwamba mengi ya malori yale nayo yana vifaa vya kufuatiliwa. Nikawaza kwamba mahali fulani yupo msichana kama mimi, anatazama lori lililosimama Nyakanazi na hajui limeharibika au dereva wake anakula. Wazo hilo lilinipa faraja kidogo.

Baadaye tukaiacha lami. Kifaa cha mkononi cha kunasa ishara kilitupeleka mpaka kwenye nyumba ya tofali yenye bati, kahawa mbele, migomba nyuma, na jiko la nyasi pembeni. Bibi mmoja, peke yake, alikuwa ameketi kwenye mkeka anapukuchua maharage, rozari shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni mukae."

Dereva akaingia kwenye Kihangaza, nami nikabaki nje ya mazungumzo. Mimi ni mzaliwa wa mkoa huu huu, lakini nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Waliongea kirefu, akanitafsiria kifupi.

"Anasema yupo."

"Nani yupo?"

"Ndege."

Bibi aliona sijaelewa, akanisaidia kwa Kiswahili. "Yuko mashambani anakula. Jioni anakuja kurara jikoni."

Kurara ni kulala, hilo nililijua. Jikoni ndiyo iliyonishinda. Tukakaa kusubiri, tukimsaidia kupukuchua maharage. Alitueleza kwamba ndege yule alianza kumfuata wakati wa palizi, akiokota wadudu nyuma ya jembe lake. Siku ya mvua kubwa akaingia jikoni mwenyewe, na tangu hapo akawa harudi bondeni.

"Hukumfukuza?" nikamuuliza.

"Niliona mguuni amevaa kitu cha Serikali. Nikasema huyu ni mutumishi, nikimufukuza wataniuliza."

Jua liliposhuka, umusambi akatokea kwenye migomba. Sikuwahi kumwona mmoja kwa karibu. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, akipiga hatua za taratibu kama mgeni wa heshima. Akatupita bila kututazama, akainama mlangoni, akaingia jikoni na kusimama kando ya mafiga yenye majivu ya moto. Pale pale nikaona joto la usiku limetoka wapi. Mchana alishinda kwenye kivuli cha migomba, usiku kwenye moshi, na masizi yalikuwa yameganda juu ya kioo cha kifaa. Kila namba ilikuwa imesema kweli, na mkuu na mimi tulikuwa tumekosea wote wawili.

Ningefurahi, kama dereva asingenionyesha kwa kidevu nguzo ya jiko. Chini yake palikuwa na kamba ya katani, fupi, yenye kitanzi.

"Bibi, kamba hii ni ya nini?" nikauliza.

"Ya mbuzi."

Dereva akatazama huku na huku. "Mbuzi yuko wapi?"

"Nilimuuza."

Tukarudi kumtazama ndege. Manyoya ya bawa lake moja yalikuwa mafupi kuliko ya bawa la pili. Huenda yalikuwa yanaota upya, maana ndege hubadilisha manyoya. Huenda yalikatwa. Nilipiga magoti kando ya majivu, nikatazama mpaka macho yakauma kwa moshi, nisijue.

Tulilala kwa padri wa jirani, na asubuhi nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikamweleza mkuu yote.

"Amefungwa au hajafungwa?"

"Sijui."

"Namba zinasemaje?"

"Zinasema analala jikoni."

"Basi mhamisheni. Mpelekeni bondeni, huko ndiko kwao."

Niliogopa kumwambia bibi. Lakini alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni na kumshika ndege mwenyewe, akamweka chini ya kwapa kama watu wanavyoshika jogoo. Akamfunika kichwa kwa ncha ya kitenge, akamwambia maneno machache ya Kihangaza. Kisha akanipa mimi. Alikuwa mwepesi mno kwa urefu wake, na moyo wake ulidunda kwenye kiganja changu.

"Amemwambia nini?" nilimuuliza dereva garini.

"Maneno tu," akasema, akawasha gari.

Tulimpeleka upande wa Murusagamba, kwenye bonde lenye mafunjo, barabara ikitutupa huku na huku. Nilipomfunua hakuruka. Alisimama, akafungua mabawa yake yasiyolingana, akayafunga, akaingia kwenye mafunjo kwa miguu. Tulisubiri kuona kama atatoka, na hakutoka.

Kurudi, tulikula ndizi na nyama Nyakanazi huku tukibishana.

"Yule bibi alimfunga," dereva alisema. "Namjua mtu anayenificha kitu. Ni watu wa kwetu wale."

"Angemfunga, asingetembea mpaka mashambani. Tumemwona anakuja mwenyewe."

"Aliachiwa baada ya kuzoea."

Tulipomaliza kula akaanza kulainika. Akasema msimu ule watu wengi waliuza mbuzi, huenda bibi alisema kweli. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kuliona lile bawa kwa namna nyingine, nikamwambia labda yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tulifika Biharamulo kila mmoja ameshika la mwenzake.

Wiki zilizofuata betri ilijaa na usiku ukawa na baridi, kama inavyotakiwa. Mkuu akaandika kwamba kazi imefanikiwa. Kisha alama zikaanza kutawanyika. Alama nzuri zilimweka ng'ambo, Burundi. Alama mbaya zilimweka Keza, karibu kabisa na nyumba ya bibi, lakini alama mbaya hata ziwani zilishamweka. Siku moja namba ya mtikisiko ikarudi sifuri, nikalia nikidhani amekufa, mpaka mkuu akanieleza kwamba namba ile ikifika mwisho wake huanza upya. Baada ya hapo ishara zikapungua, zikaja moja moja, zikakoma. Kifaa kimekufa, ndege amekufa, kioo kimevunjika: yote hayo yana sura ileile kwenye kompyuta, yaani ukimya.

Mwaka jana nilikwenda Ngara kwa harusi ya binti wa dereva, nikaomba tupitie Keza. Bibi alinikumbuka. Jikoni hapakuwa na ndege, na kamba sikuiona, ingawa niliitafuta kwa macho huku nikisalimia. Alinikaribisha uji wa mtama, akasubiri nimalize.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nilifungua kompyuta, nikamwonyesha ramani ya alama zote, nzuri na mbaya. Akasogeza uso karibu na skrini, nami nikaweka kidole kwenye alama nzuri ya mwisho.

"Yuko hapa, Burundi," nikasema, kama mtu anayejua.

"Anakula vizuri?"

Nikatazama mistari yangu: mahali, betri, joto, mtikisiko.

"Anakula," nikamjibu.

Alifurahi, akaniuliza kama Burundi kumenyesha. Dereva akasema kumenyesha, amesikia kwa ndugu zake wa mpakani. Bibi akasema basi wadudu wapo wengi, akaingia ndani kunitafutia ndizi za kumpelekea baba.