Hodi kwenye Kasha la Mume Wangu

Ukianza lile gemu la angani, kabla hujajua hata chombo kinasimamishwaje, linakuuliza unataka kuwa nani. Linakuwekea njia tano mbele yako: mchimbaji, mbeba mizigo, fundi wa kuunda vitu, mpelelezi wa njia zisizojulikana na askari. Kila njia ina mwalimu wake mwenye sauti isiyo na haraka, na kazi ndogondogo za kujifunzia. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na sita bila mtu yeyote kuniuliza swali hilo kwa adabu namna ile. Hata kushona nilijifunza kwa sababu tu shangazi alikuwa na cherehani.

Sikuingia humo kwa kupenda. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha sukari upande wa Kidatu, mimi nina kibanda cha ushonaji hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, na tunaonana mwisho wa mwezi akipata nafasi. Vijana wa kazini kwake walimfundisha gemu hilo. Akaniletea kompyuta yake ya zamani, akasema Jumapili baada ya misa tutakuwa tunakutana huko angani. Nilimcheka. Lakini Jumapili ya kwanza nilipokiona chombo chake kidogo kinaelea pembeni ya changu, na sauti yake nikiisikia kwenye simu, nilifurahi kuliko nilivyomwambia.

Nikajaribu njia zile moja moja. Nilianza na ufundi, nikakuta ni kushona kwa jina jingine: unasubiri malighafi, unaunda, unasubiri tena. Nafuu yake ni kwamba hatokei mwanakwaya kukuambia kiuno cha sare kinambana. Upelelezi niliupenda sana. Unatupa vipimo gizani halafu unangoja kuona vimenasa nini, kama tulivyokuwa tunategea samaki migono kule Mofu nilikokulia, ila mimi nilinasa giza tupu. Uaskari ulidumu dakika kumi na moja. Nililipuliwa mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa bado nasoma maelezo ya jinsi nilivyokufa mara ya pili.

"Achana na hayo," mume wangu akasema. "Chukua mizigo. Mimi nachimba, we unabeba. Nitakuwa nakulinda njiani. Mizigo ndiyo inakufaa, umezoea."

Umezoea! Hapo hapo nikamwona baba. Wakati wa mavuno mama alitoka shambani na kiroba cha mpunga kichwani, mimi nyuma yake na kiroba changu kidogo, na baba mbele kabisa na panga na redio. Ukimuuliza mbona hajabeba kitu, alijibu kwamba analinda njia. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona kitu kilichothubutu kutushambulia, labda wanyama waliiogopa redio.

Na jambo lenyewe halikuwa gemu tu. Tangu mwaka uanze mume wangu alikuwa na wimbo mmoja: nifunge kibanda, nihamie kwake kwenye nyumba za wafanyakazi. "Cha kufanya utapata tu," alisema. Alipokuja Ifakara aliingia kibandani moja kwa moja, akasogeza vitambaa vya wateja, akakalia kigoda changu na kuanza kutazama kuta kama mtu anayepanga kipi kitaanza kubomolewa. Hodi hapigi, anasema yeye si mgeni. Nilitaka kumwambia sifungi, lakini kila nilipofungua mdomo ilitoka sauti ya mtu anayeomba ruhusa.

Basi nikakubali kubeba mizigo. Utaratibu ulikuwa hivi: chombo chake cha kuchimbia kikijaa mawe ya madini, anayamwaga kwenye kasha linaloelea karibu yake, na mimi nakuja na chombo changu kikubwa kama lori kuyapakia na kuyapeleka sokoni. Siku moja nikiwa nasubiri kasha lijae, nikasoma kanuni za gemu. Kumbe kasha likishaachwa likielea, mtu yeyote anaweza kulifungua na kuchukua kilichomo. Mwenye mali ana haki ya kukupiga risasi, lakini chombo cha kuchimbia hakina hata manati. Nilisoma kanuni hiyo mara ya pili nikiwa natabasamu.

Hiyo ndiyo njia ya sita, ambayo haina mwalimu. Nikafungua akaunti nyingine kwa jina la kiume, nikachagua chombo chepesi chenye tumbo kubwa. Jumapili iliyofuata nikampigia mume wangu simu.

"Umeme umekatika huku," nikamwambia. "Nisubiri kidogo."

"Pole, mke wangu. Nakusubiri."

Nikatokea mbele yake nikiwa mwizi. Nilikuwa nimejipanga kuchukua na kukimbia bila kusema neno, lakini vidole vyangu vimelelewa Mofu, na mbele ya mali ya mtu vikaandika vyenyewe: Hodi.

"Karibu!!" akajibu. Nadhani alifurahi mno kukutana na Kiswahili huko kusiko na hewa.

Nikafungua kasha nikapakia yote.

"Ndugu, hayo ni yangu," akaandika.

"Si umenikaribisha?" nikaandika, nikaondoka.

Dakika mbili hazikupita, simu ikalia.

"Nimeibiwa! Tena na Mbongo mwenzetu! Ametokea ghafla, hajasema hata neno moja, kabeba kila kitu!"

Nilikuwa nimeuma kanga nisicheke. "Watu siku hizi hawana adabu," nikasema.

Nilimwibia Jumapili tatu mfululizo, kila mara kwa kisingizio cha umeme. Alihama mwamba, akahama na eneo, na kila alipohama alinitajia mimi mahali alipo ili nijue pa kufuata mzigo. Kila nilipopiga hodi alinikaribisha, maana mdomo umeshazoea, na mimi kila nilichokaribishwa nilibeba. Kwenye simu hakuwahi kulitaja neno karibu, na nilijua ni aibu. Kilichonichekesha zaidi ni kwamba alianza kumheshimu mwizi wake. "Huyo bwana ana akili," aliniambia, "hata nikijificha wapi ananipata."

Jumapili ya nne nikapiga hodi kama kawaida.

"Karibu," akaandika. "Kabla hujabeba nisikilize. Mtu kama wewe sitaki awe adui yangu. Njoo tuwe wawili. Kazi chagua mwenyewe unayoitaka, tutakachopata nusu kwa nusu."

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Mwizi asiyejulikana sura wala kwao alikuwa ameulizwa anataka kazi gani. Mimi wa ndoa ya kanisani, mwaka wa kumi na moja sasa, niliambiwa nimezoea. Niliona wivu, na niliyemwonea wivu ni mimi mwenyewe.

"Na mkeo je?" nikamwuliza. Aliwahi kumwambia mwizi kwamba anacheza na mke wake.

"Yeye anabeba tu. Hana neno."

Nilibeba mawe yote, na kama kasha lenyewe lingebebeka ningelibeba. Simu ikalia. Akaanza kulalamika kama kila Jumapili, kwamba kaibiwa, kwamba kamshauri vizuri yule bwana na bado kamwibia, na mimi hasira ikanishinda.

"Sasa kila akipiga hodi unamwambia karibu, halafu unamlilia nani?"

Nilisikia feni ya chumbani kwake ikizunguka.

"Karibu," akasema polepole. "Hilo sijawahi kukwambia."

Ningeweza kudanganya, na kwa muda ule nilikuwa nimeshakuwa hodari wa kudanganya. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mwizi, haikuomba ruhusa ya mtu.

"Umeme haukukatika," nikasema. "Hata siku moja. Na kibanda sifungi."

Nikakata simu.

Hakupiga tena jioni ile, wala Jumatatu, wala Jumatano. Niliogopa, sitaficha. Mambo ya kuiba mawe ya kwenye kompyuta yalianza kuonekana ya kitoto, na neno langu kuhusu kibanda likaonekana zito kuliko nilivyokusudia, ingawa sikutaka kulirudisha. Nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto kwenye sare mbili za kwaya, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Wateja waliuliza kama naumwa.

Jumamosi saa nane mchana, nikiwa nakunja pindo la mwisho la gauni la mteja, kivuli kikaangukia mlangoni. Nilikijua bila kuinua macho. Nikakisubiri kiingie, kisogeze vitambaa vya watu na kukalia kigoda changu. Hakikusogea.

"Hodi," akasema.

Niliendelea kukanyaga cherehani.

"Hodi humu ndani. Namtafuta bwana mmoja mwizi, nimeambiwa ana ofisi yake hapa. Nimekuja kumuuliza anataka kazi gani."

Begi alikuwa ameliweka chini, nje ya kizingiti, na jasho lilikuwa linamtiririka. Nilimwacha asimame na jua lake mpaka pindo likaisha, nikakata uzi, nikalikunja gauni vizuri na kuliweka pembeni. Ndipo nikamkaribisha.