Herufi za Harusi

Sijasamehe, na sitaki kuambiwa yaliyopita si ndwele. Katika kiwanda kidogo cha kuchapa cha misheni, pale Ifakara, tuliziita herufi za harusi: herufi za kuchapia, za madini ya risasi, zilizoinama kama mwandiko wa mkono, zenye mikia mirefu, myembamba. Zilitoka Ulaya, zikawekewa droo yao peke yao, na ufunguo alikaa nao Padri, mkuu wa kiwanda. Kazi ya herufi hizo ilikuwa kadi za harusi na za upadrisho, basi. Ukizibana vibaya, mkia ulikatika, tik!

Aliyeziosha ni baba yangu. Alitoka Malinyi akiwa mvuvi, akaishia kusugua risasi kwa mafuta ya taa na brashi yake mwenyewe, miaka kumi na moja, asikate mkia hata mmoja. Shule hakuiona. Kusoma alijifunza humo humo, kwa kurudisha kila herufi kwenye kishubaka chake, na kwa kuwa herufi ya risasi imegeuzwa, alisoma kinyumenyume. Risasi aliisoma. Karatasi ilimshinda, wenzetu wakamcheka, naye akacheka pamoja nao.

Masika moja miguu ilimvimba, akalala kitandani. Mimi nilikuwa mpangaji wa herufi kiwandani. Akaniambia, "Mwanangu, nipangie jina langu kwa zile za harusi. Niletee nilisome. Miaka yote hii nimeosha majina ya watu."

Nikaenda kwa Padri.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Nikamweleza: herufi saba tu, na kesho asubuhi nazirudisha. Hata kalamu hakuiweka chini. "Zile si za kuchezea. Akipona, aje azione hapa."

"Ndiyo, Padri," nikasema. Mwanamume mzima, na ndevu zangu! Loo, ulimi huu.

Nyumbani nikadanganya kwamba zimo kazini, kuna kadi ya watu. Kila jioni baba akauliza, "Hao hawajaoana tu?" Nikajichekesha. Siku ya nne nilimkuta amekata roho.

Padri akaja msibani, ufunguo mkononi. "Tumpe marehemu heshima yake. Kadi ya misa ya arobaini, ipange kwa zile nzuri." Heshima! Asante ya punda mateke, wanasema, lakini punda angalau hukupiga ukiwa hai.

Nikaipanga. Ilipendeza, siwezi kukataa. Watu waliisifu, shangazi akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Baba mwenyewe angepewa karatasi ile, angeigeuzageuza tu, akairudisha.

Baada ya misa nikaziosha zile herufi kwa brashi yake. Nikasugua kwa hasira, mkia mmoja ukakatika. Padri akauokota, akanitazama kwa masikitiko.

"Baba yako hakukata hata mmoja."

"Ndiyo, Padri," nikasema.