Maua ya Miguuni na Kuku wa Mama Rukia

Haya nawaambia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu, maana Likoni nzima ishajua na kila mtu anatia chumvi yake. Mimi, Zuhura wa hina, niliyepamba maharusi tangu baadhi yenu hamjazaliwa, nilifedheheka mbele ya foleni ya zahanati, leso nimeipandisha hadi magotini.

Mama Rukia, jirani yangu ukuta kwa ukuta, alikuwa anamuoza bintiye Rukia, akanambia, "Zuhura, nataka piko nyeusi tititi, si hina nyekundu, mwanangu asishindwe na yule bibi harusi wa juzi." Mimi nami (sifa zitaniua) nikazidisha ile dawa ya kutia nywele weusi kwenye piko maradufu, nikajijaribia mwenyewe, maua na vikonyo kutoka vifundoni hadi magotini, yakatoka mazuri wallahi, nikajisifu peke yangu.

Siku kumi baadaye, rangi ishafifia, miguu ikaanza kuwasha, ikatoka vipele, ikavimba. Nilishuku piko? Thubutu! Piko naipaka miaka ishirini. Nikasema ni kamba niliokula, lakini kamba nawala tangu utotoni. Nikasema mbu, mbona mikono mizima. Mpaka nikapata jawabu: viroboto wa kuku wa Mama Rukia. Nikasimama uani, mbele ya wanawake waliokuja kuchagua mchele wa harusi, nikamwambia, "Mama Rukia, kuku wako wamenimaliza miguu!" Maskini! Kesho yake akawachinja wote sita, akawatia kwenye friji, nami nikaendelea kujipaka mwarubaini uliopondwa, tabaka juu ya tabaka.

Sikupona. Siku ya kumpaka Rukia ilipofika sikuweza hata kukanyaga, na aliyenishika mkono hadi zahanati ni nani? Mama Rukia huyo huyo. Ndani kumejaa, muuguzi akaniweka kwenye benchi la nje, akawa ananiosha ule mwarubaini huku mimi namuhadithia habari za viroboto kwa sauti, nataka wote wasikie. Akaisogelea miguu, akaitazama vizuri.

"Mama, viroboto gani hawa wanaochora maua?"

Nikatazama. Vipele vimejipanga ua kwa ua, kikonyo kwa kikonyo, hata zile nukta ndogo za katikati ninazotia mimi tu. Kazi ya mkono wangu, nitaikanaje? Foleni yote ikainama kutazama.

Mama Rukia hakucheka. Alishika kifua. "Zuhura, bakuli la Rukia ushalikoroga?"

Nilikuwa nishalikoroga tangu jana, dawa maradufu vile vile. Hapo ndipo nilipolia, si kwa maumivu, ila kwa kumfikiria mtoto niliyemuona akitambaa, anaingia kwa mumewe na miguu kama yangu.

Tuliporudi nikalimwaga lile bakuli mwenyewe, mamake akitazama. Rukia nikampaka hina tupu, nyekundu, miguu yangu imefungwa bendeji, akapendeza mashallah.

Siku ya harusi Mama Rukia akaniwekea sinia mbele, akasema watu wakisikia, "Kula, Zuhura, usiogope, viroboto wameiva." Wanawake wakaangua kicheko, nami nikala kichwa chini, na wale kuku walikuwa watamu, sitasema uongo.

Dawa ya nywele haiingii tena kwenye bakuli langu, na nikiwashwa siku hizi najishuku mwenyewe kwanza. Mama Rukia ameanza kufuga tena. Vifaranga nimempelekea mimi, na banda nimemwambia aliegemeze kwenye ukuta wangu.