Buli Alilolivunja Mama

Nilikuwa darasa la sita katika shule ya misheni, na wiki ile mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kauli ya kutendwa. Nilifurahia kuona mtenda akitolewa kwenye sentensi na sentensi ikabaki imesimama.

Jumamosi nikamfuata mama kazini mtaa wa Sekei, kwenye nyumba ya Wazungu alikokuwa akifua na kupiga pasi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, vipande vya buli mapajani. Memsahibu, yule bibi mwenye nyumba, alikuwa ameletewa buli lile na mama yake kutoka kwao. Siku hiyo alikuwa ametembea Momela, angerudi jioni, sisi tumeshaondoka. Kiswahili chake kilitosha kuagizia maji ya moto tu.

"Niandikie barua," mama akasema. "Kwa lugha yake."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtihani: *The teapot was broken.* Nikamfasiria: buli limevunjwa.

"Na nani?"

"Haisemi, mama. Kiingereza kinaruhusu."

Nilidhani atafurahi. Akatazama uani, alikokuwa mzee mpasua kuni, mikono ikimtetemeka. Mwezi uliopita mzee yule aliangusha sahani mbili, na memsahibu akamwonya kwamba akivunja kitu kingine atafukuzwa.

"Jikoni humu tunaingia wawili," mama akasema taratibu. "Usiponitaja mimi, atadhaniwa nani?"

Nikaona aibu. Nikachana karatasi, nikaandika nyingine: *I broke the teapot.* Mimi nimelivunja buli.

Mama akaishika, kisha akairudisha. "Nifundishe kuisema. Tutamsubiri."

Neno la pili lilimshinda. "Buroku," alisema, na tena "buroku," tukacheka mpaka mzee akachungulia dirishani.

"Kuna nini?"

"Shikamoo, baba. Mtoto ananifundisha Kizungu."

Gari lilipoingia, mama alisimama mlangoni na kuisema sentensi yote. Memsahibu alipokea vipande, akaenda chumbani, akafunga mlango. Jumatatu mama alirudi kazini, na mzee naye. Memsahibu alimnunia mama kama wiki mbili, basi.

Jioni ile ya Jumamosi tulirudi nyumbani kwa miguu, manyunyu yakitushukia kutoka mlimani.

"Uliogopa, mama?"

"Sana," akasema, akanivuta ubavuni na kunifunika kwa upande mmoja wa khanga yake.