Mwembe wa Shangazi kwenye Shamba la Baba

Mpaka leo sijaelewa ilikuwaje. Nimelipitia jambo hili hatua kwa hatua, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kulipitia jaribio lililoharibika, na kila hatua naiona ilikuwa sawa. Ila shangazi haji tena kwetu.

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza upande wetu wa Msambweni kusomea kilimo cha matunda hadi ngazi ya juu. Watu walicheka. Waliuliza tangu lini maembe yakahitaji daktari. Shangazi, dada yake baba aliyeolewa Mwabungo, hakucheka. Yeye ndiye aliyemwambia baba, "Mwache mtoto asome." Baadaye nikawa naitwa Kwale, naitwa Kinango, kuwaonyesha wakulima namna ya kubebesha, yaani kupachika kijiti cha mwembe bora juu ya mti wa zamani. Walinisifu sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nyumbani palikuwa na mwembe mkongwe. Maembe yake yalikuwa madogo, yamejaa nyuzi, ukila moja unashinda ukichokoa meno. Ulinikera. Mimi nafundisha watu huko na huko, halafu kwa baba yangu mwenyewe kumesimama kitu kama kile! Nikamwomba baba ruhusa. Akasema shamba ni letu, nifanye nijuavyo. Nikaleta msumeno, nikaukata mti ukabaki kisiki cha kimo cha mtu. Kilipochipua nikabebesha vijiti vya aina tamu, kimoja kimoja, nikavifunga kwa nailoni. Vyote vilishika. Nilifurahi mno, nikapiga picha nikawatumia wenzangu wa kazini.

Msimu wa maembe ulipofika, shangazi akaja na vikapu vyake viwili, kama alivyokuja kila mwaka. Nilimkuta amesimama mbele ya kisiki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwembe wangu u wapi?"

Nikamweleza yote: vijiti, nailoni, utamu utakaokuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu iliyonitisha.

"Ulimwuliza nani?"

"Nilimwuliza baba."

"Babako ana ardhi. Mti ni wangu."

Kwetu pwani ardhi huwa ya huyu na mti ulio juu yake ukawa wa yule, na hakuna asiyejua. Babu alipofariki, ndugu wa kiume waligawana shamba, shangazi akapewa mwembe. Nililijua hilo tangu utotoni. Sasa nililisahauje? Na baba je, alisahau? Au hatukusahau, tuliona tu kwamba ni mti mbovu wa mwanamke aliyekwisha kuolewa kwingine? Nikijiuliza hivyo nasikia aibu, na jibu silipati.

"Utapata maembe mazuri kuliko yale, shangazi," nikasema, nikizidi kujipalia makaa.

"Mimi sikuwa nafuata maembe. Nilikuwa naja kwetu."

Akaviokota vikapu vitupu akaondoka. Msimu uliofuata hakuja, wala uliofuata huo. Baba alipompigia simu aliambiwa magoti yanamsumbua, ingawa sote tulisikia kuwa harusi za Ukunda hazimpiti.

Mti ulipozaa, yalikuwa maembe makubwa, mekundu mashavuni, hayana hata uzi mmoja. Kila aliyeyaonja alinipongeza, nami sikujua nipokee pongezi hizo au nizikatae. Nikachagua yaliyo bora, nikajaza kikapu, nikampelekea shangazi Mwabungo.

Siku zote nikifika kwake hunikabidhi mbuzi nikune nazi kabla sijapumua. Siku ile alinitandikia mkeka mpya barazani na kuniuliza habari za safari. Safari gani, kutoka Msambweni!

"Nimekuletea maembe yako," nikasema.

Akakipokea kikapu kwa mikono miwili. "Ahsante kwa zawadi."

"Si zawadi, shangazi. Ni yako."

"Changu siletewi, mwanangu. Changu hukifuata mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenigombeza, ningejua pa kushika. Alikwenda jikoni kuchemsha chai, nami nikainuka kumfuata nimsaidie, kama nilivyofanya tangu nikiwa mdogo. Akageuka mlangoni, akanizuia kwa mkono.

"Keti, mama," akasema kwa upole. "Wewe ni mgeni."