Jina Alilolificha Bi Futi

Karakana ya mapazia ilikuwa na vyerehani sita, na cha Bi Futi kilikuwa cha dirishani. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haikushuka shingoni mwake kutwa nzima, ingawa kusema kweli hakuihitaji sana. Alikuwa mtu wa kulitazama dirisha mara moja, akafumba jicho, akataja upana wake, na mteja akipima kwa futi akute amekosea unene wa kidole tu. Mikono yake ilijua kazi na mdomo wake ulijua kufunga. Karakanani walisema ukitaka kuzika neno, mpe Bi Futi.

Miaka tisa alikaa na mumewe, fundi friji, wakiwa wawili tu kwenye vyumba vyao viwili. Mimba ya kwanza, miaka sita nyuma, iliishia hospitalini: mtoto wa kike alizaliwa kimya, hakulia. Kwa hiyo hii ya pili ilipofika mwezi wa saba bila kuleta maneno, nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Mama mkwe alihamia kwao na begi moja na ushauri magunia kumi. Fundi friji naye akaanza kuunda kitanda cha mtoto, ubavu wake akautengeneza kwa rafu za waya za friji zilizokwisha kufa.

"Unamlaza mtoto au unamgandisha?" mama yake alimuuliza.

Jumamosi moja mchana, baada ya kula, mama mkwe akafungua mjadala wa jina, maana kipimo kilikuwa kimeonyesha ni msichana. Yeye alikuwa na majina matatu, yote ya wanawake wa ukoo wao, wawili kati yao wakiwa bado hai na wenye wivu. Fundi friji alisema lolote litakalotamkika ni sawa. Bi Futi akatoa kadi ya kliniki, akaigeuza nyuma na kuiweka mezani. Palikuwa na majina manne kwa wino wa buluu: Mireille, Odile, Clarisse, Josiane.

"Hizi ni dawa?" mumewe aliuliza.

"Ni majina. Ya Kifaransa."

Fundi friji alijaribu la kwanza. "Mirelile." Akacheka peke yake. "Na hili Odile, mbona kama mafuta ya nywele?"

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "kwetu hakuna Mfaransa hata wa dawa. Mtoto akikaribia jiko la moto na mimi nina haraka, nitamwitaje? Mpaka nimalize kulitamka si ameshaungua?"

Wote walicheka, hata Bi Futi. Lakini alipoulizwa kwa nini Kifaransa, alijibu neno moja: "Nimeyapenda." Akaichukua kadi na kuirudisha mfukoni.

Wiki ile kicheko kilikauka. Fundi friji alisimulia kisa hicho kazini kama mzaha, na mwenzake mmoja, mtu wa kuchokonoa, akasema jina la ajabu halianguki kutoka mbinguni, lina mwenyewe. Fundi friji alicheka, lakini neno lilikuwa limeshamwingia kama mwiba. Jioni akaitazama tena ile kadi. Bi Futi aliandika herufi kubwa zilizosimama wima, na hizi zilikuwa ndogo, zimelala, zimeshikana mikono.

"Mwandiko huu si wako."

"Si wangu."

"Wa nani?"

"Wa mtu wa kliniki."

"Mtu gani?"

Bi Futi alikunja kitambaa alichokuwa akikipinda. Angeweza kujibu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini jibu hilo lilikuwa na mkia mrefu, na mkia huo ndio alioukalia miaka sita. Akainuka kwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Mama mkwe, aliyesikia yote kutoka chumba cha pili, alimfuata hadi kwenye bomba.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Kama kuna jambo, liseme kabla halijasemwa na mwingine."

"Hakuna jambo, mama."

Jumatatu fundi friji hakwenda kazini. Aliichomoa kadi kwenye mkoba wa mkewe, akaenda kliniki ya hospitali ile ile, akapita dirisha moja hadi jingine akiuliza nani kaandika haya. Alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamume. Alikuwa hata na maneno ya kumwambia. Akaelekezwa kwenye chumba cha wajawazito, na aliyeinua kichwa alikuwa mkunga mzee, mwanamke mfupi wa nywele nyeupe, mgeni aliyeishi hapo miaka mingi bila Kifaransa chake kumtoka ulimini. Aliitazama kadi, akamtazama mtu, uso ukafunguka.

"Ah! Wewe ni baba ya Solange."

"Solange ni nani?"

Mkunga aliweka kiganja mdomoni. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Akamkalisha kwenye kitanda cha kupimia, akamweleza polepole, akitafuta maneno. Siku ile, miaka sita iliyopita, mama wa mtoto alimkumbatia mwanawe saa nzima na kukataa kumwachia. Mkunga alimuuliza anaitwa nani. Mama akasema hana jina. Mkunga akamwambia mtu haondoki bila jina, na mama akamwomba amtafutie. Likamjia la dada yake mwenyewe, aliyefariki akiwa mdogo. Wakamnong'oneza mtoto sikioni, wote wawili. Sasa mama alikuwa amerudi na ombi: amtafutie huyu wa pili jina litakalokaa karibu na la dadake. La kwanza hataki kulirudia, asije akamnyang'anya mwenyewe.

Fundi friji aliifikia karakana saa sita mchana. Vyerehani vilikuwa vikinguruma. Alisimama katikati ya mapazia yaliyoning'inizwa kusubiri wateja, akasema jina moja tu.

"Solange."

Cherehani cha dirishani kilinyamaza. Vingine vitano vikafuata, kimoja kimoja.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita umekaa na jina la mwanangu, na mimi sinalo."

"Ulisema tusimtaje."

"Nilisema tusilie!"

"Ulisema tusimtaje." Bi Futi hakupandisha sauti. "Uliporudi kutoka kuzika, ulivua viatu mlangoni, ukasema, haya yamepita, katika nyumba hii asitajwe tena. Nilikusikia vizuri. Nikatii."

Fundi friji alifungua mikono yake na kuitazama. "Mimi ndiye niliyembeba. Walinipa pale kwenye korido, amefungwa kwenye shuka, nikambeba mpaka makaburini kwa mikono hii. Sikujua nimembeba nani."

Akatoka. Jioni hiyo alihamia kwa kaka yake, na kitanda cha mtoto kikabaki na ubavu mmoja.

Mama mkwe hakumfuata mwanawe. Asubuhi iliyofuata alimkuta Bi Futi amekaa jikoni, mikono juu ya tumbo, uji umepoa. Akavuta kigoda.

"Anaitwaje, huyo mjukuu wangu wa kwanza?"

"Solange, mama."

"Solanji."

"Hivyo hivyo."

"Solanji," akarudia, na kutwa nzima akawa analisema chinichini akiosha vyombo na akifagia, mpaka likakaa. Hakumlaumu mkwewe. Alimwambia tu kwamba wote wawili walikosea, ila yeye aliyebeba tumbo ana haki ya kula kwanza, kosa baadaye.

Wiki tatu fundi friji hakukanyaga pale. Alituma dawa za kuongeza damu na shuka jipya kupitia kwa kaka yake, bila neno. Uchungu ulianza wiki mbili kabla ya siku, asubuhi, Bi Futi akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia. Mama mkwe alipompigia simu mwanawe, alimwambia maneno manne: "Safari hii ingia ndani."

Aliingia. Alisimama pembeni ya kitanda na mikono isiyojua pa kukaa, akasikia mtoto analia, msichana mwenye sauti ya kufukuza kuku. Akaketi sakafuni. Walipompa amshike, alifunua shuka lote, akamtazama kuanzia utosini hadi kidole cha mwisho cha mguu, kisha akamwomba mkunga asome tena yale majina. Jina Mireille alilitamka sawasawa kwenye jaribio la tatu. Akauliza lina maana gani. Mkunga akasema hajui maana, ila shangazi yake aliitwa hivyo, na alikuwa muuza vifungo asiyeogopa mtu.

"Basi hilo," fundi friji alisema. Bi Futi akaitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya siku ishirini na mbili.

Kwenye ofisi ya vizazi, karani aliandika "Mirei". Fundi friji akamfutisha, akamtajia herufi moja moja.

"Hizi L mbili za nini kama hazisomwi?"

"Ziache zikae. Na hapo penye mtoto wa ngapi, andika wa pili."

Leo mtaa mzima unamwita Mimi, na mama mkwe analalamika kwamba akiuliza nani kamwaga maziwa, jibu ni "Mimi", na hajui kama mkosaji anakiri au mtoto ndiye anayetajwa. Watu wakisikia kicheko nyumbani kwao wanadhani mambo yamepoa. Hayajapoa sawasawa. Fundi friji alirudi, kitanda akakimalizia, lakini kuna siku anaweka kijiko chini katikati ya chakula na kumtazama mkewe kama anayetafuta kitu kingine alichofichwa. Bi Futi naye humwacha atazame.

Jumapili moja, mtoto akiwa na miezi mitano, alimkuta mumewe uani akisafisha mabomba ya friji. Bila kuinua kichwa, mumewe akauliza:

"Alifanana na nani? Mimi sikulifungua lile shuka."

Bi Futi alikaa kwenye ngazi.

"Mama yako. Kidevu kile kile. Na sikio la kushoto lilikuwa limejikunja kidogo."

"La kushoto."

"Ndiyo, la kushoto."

Fundi friji akaendelea kusugua bomba, akamwomba amweleze na nywele.