Pasi Yangu na Mashine ya Wajawazito

Shikamooni wakubwa wa ukurasa huu. Admin, naomba ufiche jina langu na la kituo. Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu huku Mbulu. Mama yangu ni muuguzi wa kituo cha afya, naye ndiye aliyekabidhiwa mashine ya altrasaundi, ile ya kuangalia mtoto tumboni.

Nyumbani hatuna umeme. Jumapili moja baada ya kanisa nilikwenda kituoni, nikamwomba babu mlinzi wa pale anifungulie chumba cha mashine nipige pasi sketi ya shule. Akacheka. "Fanya upesi, bibi yangu, kabla umeme haujakumbuka kukatika."

Soketi ni moja tu. Nikachomoa mashine, nikachomeka pasi. Kabla sijamaliza marinda, umeme ukakatika kweli. Nikarudisha waya wa mashine moja kwa moja ukutani. Boksi la kudhibiti umeme, ambalo waya huo hupitia kwanza, nililiacha chini, nikidhani ni ekstensheni tu.

Umeme ulirudi kwa nguvu. Jumatatu mama alipowasha, ilitoka harufu ya kuungua na kioo kikabaki cheusi. Fundi alisema imeuawa na aliyeliruka boksi.

Wiki hiyo mjamzito mmoja kutoka Tumati alikuja anatokwa damu. Hawakuweza kumpima, wakampeleka hospitali ya mbali, na barabara ilikuwa tope. Mtoto alizaliwa amekufa.

Babu alipoulizwa alisema, "Ni mimi. Nilikuwa nachaji simu." Akafukuzwa kazi. Nilimfuata shambani kwake nikalia. Akaendelea kupalilia maharage. "Mama yako akifukuzwa, nani atakusomesha? Nyamaza. Ukiwa fundi, uje uitengeneze."

Mama hajui. Anamwita muuaji. Aliniambia, "Yule mzee usimwamkie tena." Nimempita kimya mara nyingi, na yeye huangalia chini ili nisione aibu.

Leo asubuhi tulikutana naye njiani, mama akiwa pembeni yangu. Nikasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mama alisimama. "Umemwamkia kwa nini?"

Nikamjibu nitamwambia akitoka zamu. Anatoka saa kumi na mbili jioni. Nimeshaamua kusema, huenda babu akarudishwa. Ila naogopa kwa ajili ya mama, na sijui nianze na pasi au na yule mtoto wa Tumati. Ninyi wenye watoto, mngependa mwambiwe vipi?